Tundu Nililoliziba kwa Plasta

Vijana wa chumba cha mifupa, mliniomba niandike jinsi kazi yangu ilivyokwenda, kwa faida ya wale watakaokuja. Nimewaelewa. Mlitaka habari za sindano, gundi na brashi, na hizo mtazipata. Lakini nimestaafu, hakuna mkubwa wa kuniita ofisini, kwa hiyo nitaandika na lile ambalo hamkuliomba. Miaka yangu mingi kazini niliifanya nikiwa na wivu. Sikumwonea mtu wivu wa cheo wala wa mke. Nilimwonea wivu wa macho, namna anavyoona mfupa na kuujua kabla mimi sijamaliza kuuvuta karibu. Mtu mwenyewe mnamjua, ndiye anayewaongoza leo, Mama Nabintu. Baadhi yenu mliona mambo yalivyoishia. Mwanzo wake hamuujui, na mwanzo ni wangu peke yangu.

Mimi ni mtoto wa Kalundu, bandarini Uvira. Baba yangu alikuwa akiziba mitumbwi. Mvuvi akileta mtumbwi unaovuja, baba anaupindua kifudifudi, anapita na kidole kwenye kila ungio la mbao, na akikuta tundu anasonya kabla hata ya kulitazama. Pamba, lami moto, kisha anasugua mpaka usijue palikuwa na kitu. Sifa aliyoipenda kuliko zote ni mtu kuuliza, "Uliziba wapi?" asione. Mimi nilishika chungu cha lami tangu nikiwa mdogo. Nilikua nikijua kwamba tundu ni aibu ya mwenye chombo, na kwamba fundi mzuri haachi alama ya mkono wake. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Siku yangu ya kwanza kwenye kituo chetu cha utafiti wa ziwa, Papa Sadiki alinipokea na kichwa cha samaki, sangala, kwenye sahani. Papa Sadiki ndiye aliyekuwa fundi wa mifupa, mtu mfupi wa mtaa wa Songo, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Akaniambia:

"Kula."

Nikadhani ni ukarimu wa siku ya kwanza. Nikala, nikalamba na vidole. Nilipomaliza akasukuma mifupa yote mbele yangu.

"Sasa rudisha."

"Rudisha nini, Papa?"

"Kichwa. Rudisha kichwa vile kilikuwa. Muntu hawezi jua mufupa yenye hajakula."

Ilinichukua siku tatu. Kichwa cha sangala kina vipande vingi kuliko mtumbwi wowote wa baba, na kila kipande kina ndugu yake wa upande wa pili anayefanana naye karibu sawasawa. Papa Sadiki alipita mara moja kwa siku, akatazama, akaenda zake. Siku ya tatu alichukua kipande kimoja akakigeuza, na hapo ndipo taya lilipofunga. Hakusema neno. Baadaye nilijua kwamba kwake kutosema neno ni kupasi mtihani.

Kazi ya kituo chetu, kama mnavyojua, ni samaki na maji. Yale makasha ya mifupa ya mawe yalitufikia kwa bahati mbaya. Wanajiolojia waliyakusanya mbali na hapa, kwenye mawe mekundu ya enzi ya Kretasia, ile enzi ya mwisho ya dinosaria. Yaliletwa Kalundu yapande meli. Meli ikachelewa, wenyewe wakaondoka, makasha yakaombewa hifadhi kwetu kwa wiki mbili. Hizo wiki mbili hazijaisha mpaka leo. Uvira yenyewe haina dinosaria, nisije nikalaumiwa na watu wa utalii.

Ndani ya makasha hamkuwa na mnyama hata mmoja mzima. Jino hapa, kipande cha paja pale, kucha, pingili moja ya uti wa mgongo bila jirani zake. Hiyo ndiyo kazi yetu, na ndiyo inayowashangaza wageni wanaokuja wakitegemea kuona mnyama amesimama na meno nje. Sisi tunapewa mfupa mmoja na kuulizwa ulikuwa wa nani.

Papa Sadiki alinifundisha hivi. Kwanza gusa kwa ulimi. Mfupa wa kale unanasa ulimi, jiwe la kawaida haliunasi. Wageni hucheka wakituona tunalamba makasha, waache wacheke. Halafu tazama palipovunjika. Mfupa wa mguu wa mamba una ukuta mnene na uwazi mdogo. Mfupa wa dinosaria mla-nyama una ukuta mwembamba na uwazi mkubwa, kama wa kuku, na kuku tunamjua sote. Meno nayo yana hadithi yao. Tulikuwa na fuvu la mamba wa mdomo wa mto Ruzizi, wavuvi walituletea, na Papa Sadiki alikuwa akiweka jino la kasha kando ya jino la huyo mamba na kusema:

"Mamba iko na meno ya kushika. Huyu mwingine iko na meno ya kukata. Pitisha kwa ukucha, utasikia misumeno."

Kweli, ukilipitisha jino la mla-nyama kwenye ukucha, ukingo wake unakwaruza kama msumeno mdogo sana. Ni bapa kama kisu. La mamba ni la mviringo, limejaa. Lakini msijidanganye, wapo wala-nyama wenye meno ya mviringo pia, waliokula samaki, na misumeno yao ni midogo hata lupe, kile kioo cha kukuzia, inahangaika kuiona. Hapo ndipo fundi anapojulikana.

Sindano zangu nilizitengeneza kwa spoku za baiskeli, nikizinoa juu ya jiwe na kuzipa mpini wa mti wa mpera. Ninazo mpaka leo. Zenu za kununua zinapinda.

Mwaka wangu wa pili, mke wa Papa Sadiki aliugua, naye akampeleka hospitali ya Lemera akakaa naye huko. Niliachwa peke yangu na kasha ambalo halijafunguliwa. Juu kabisa ilikuwemo pingili ya uti wa mgongo, kubwa kama ngumi mbili, nzito, imefunikwa na jiwe jekundu. Niliisafisha kwa siku nyingi, chembe kwa chembe, imelala kwenye sinia la mchanga. Upande wake wa kushoto ulikuwa umeliwa na maji ya kale, haukuwa na kitu. Upande wa kulia sindano yangu ikazama. Lilikuwa tundu. Si ufa, ni tundu la mviringo mrefu, kidole kidogo kinaingia, na ndani lilijaa jiwe. Nilichimba, nikachimba, na kadiri nilivyochimba likawa refu zaidi.

Nilidhani msumari wa kasha umetoboa mfupa, au mbaya zaidi, nimeutoboa mimi. Nikamwona Papa Sadiki akirudi na kuliona. Basi nikafanya kile nilichozaliwa nakijua. Nilichanganya plasta na gundi na unga wa lile jiwe jekundu, nikaziba, nikasawazisha kwa kidole kilicholowa maji, nikasugua ilipokauka, nikapaka chai ya rangi, iliyokolea, mara nne. Ukiipeleka pingili ile kwenye mwanga huoni nilipopita.

Papa Sadiki aliporudi aliishika, akaigeuza huku na huku karibu na miwani yake ya waya. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, ila mimi sikujua. Akasema:

"Umefanya muzuri."

Miaka yote niliyokaa naye, ndiyo mara pekee aliyonisifu kwa mdomo. Tuliandika pamoja etiketi, kile kikaratasi cha jina la mfupa. Pingili moja, nzito, ukubwa huo, tukasema mamba mkubwa. Niliandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri wa wakati ule.

Miaka ya vita, ya kukimbia na kurudi, siisimulii, kila nyumba hapa ina yake. Niseme tu kwamba tuliporudi tulikuta kipande cha paja kimewekwa juu ya bati la choo lisipeperuke, na daftari za usafishaji zimelowa zikawa uji. Hata zisingelowa, la pingili ile lisingekuwemo. Sikuliandika.

Nililijua kosa langu kwa kitabu. Mgeni mmoja alituachia kitabu kikubwa cha picha za mifupa, kwa Kifaransa, nami nikawa nakisoma saa ya mapumziko huku nakula ndizi. Nikafika kwenye pingili za wala-nyama. Pembeni mwa kila moja palikuwa na tundu la mviringo mrefu. Maelezo yalisema kwamba mifuko ya hewa iliingia ndani ya mifupa ya wanyama hao kupitia hapo, kama ilivyo kwa ndege. Niliiweka ndizi chini. Nilienda kwenye rafu, nikaitoa pingili yangu, nikaipapasa kwa kidole gumba mahali pale laini. Ilikuwa mali ya pekee katika makasha yote, pingili ya mla-nyama, nami nilikuwa nimefunga mlango wake kwa plasta na chai.

Nikairudisha kwenye rafu. Nilijiambia nitaifungua wiki ijayo. Kuifungua kulimaanisha kumwambia Papa Sadiki, aliyekuwa amestaafu na anakuja kututembelea kila Ijumaa, kwamba mara ile moja aliponisifu alisifu uharibifu. Wiki ijayo ikawa wiki nyingi.

Kisha akaja Nabintu. Binti wa Kamanyola, baba yake mchinjaji. Alikuwa amelelewa kando ya gogo la nyama, anajua ungio la ng'ombe linapoachia hata akiwa amefumba macho. Tulimpa kazi ya kuosha chupa za samaki. Siku ya nne akaingia chumba cha mifupa kutafuta ndoo, akasimama mbele ya droo yangu ya meno ya mamba iliyokuwa wazi. Akainua jino moja.

"Papa Kashindi, hii haiko ya mamba."

"Weka chini. Unajua nini juu ya mamba?"

"Minye sijue mamba. Lakini hii iko inakata. Gusa hapa, ukingo."

Niligusa. Nikachukua lupe. Misumeno ilikuwepo, midogo kama vumbi. Nilikuwa nimelipita jino lile mara mia. Akatoa la pili, la tatu, akayapanga mezani, akachukua ndoo yake akaenda. Hakujua hata kwamba amenipiga.

Ijumaa ile Papa Sadiki alikaa kwenye kiti chake cha zamani, nikamweleza, nikijifanya nafurahi. Akaomba aitwe. Akampa vipande sita vya mifupa mkononi, kimoja kimoja, naye akavitaja, akikosea kimoja tu. Mzee akanigeukia, uso umewaka.

"Mutoto huyu iko na macho."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali. Ndani nilikuwa naungua. Mimi nilirudisha kichwa cha sangala siku tatu nisisikie neno! Mimi nilikula mifupa ya samaki, nilinoa spoku, nililinda makasha mvua ikinyesha, na macho akapewa msichana aliyekuja kutafuta ndoo.

Tangu hapo nilikuwa mtu mdogo sana, nawaambia mjue. Alipohamishiwa kwetu nilimpa meza ya mbali na dirisha. Nilimpa sindano butu nikasema ndizo za wanaoanza. Lupe nzuri niliitia mfukoni kila nilipotoka, eti isipotee. Alifanya kazi na lupe iliyopasuka, na bado aliona kuliko mimi. Akikosea, jambo la nadra, nilikuwa na siku njema mpaka jioni, mke wangu aliuliza kuna nini.

Mwaka wa tatu wa Nabintu alikuja Profesa. Alikuwa mtu wa heshima, mtaratibu, anajua wala-nyama wa Kretasia kuliko tulivyojua njia ya nyumbani. Alikaa wiki moja. Alisema anatafuta mtu mmoja wa kwenda kusoma naye mifupa Lubumbashi, arudi awe mwalimu hapa. Yeyote anayetaka achague mfupa mmoja na kuutetea mbele yake. Mimi umri ulikuwa umepita, sikuwa kwenye mashindano. Nawaambia hivyo msije mkadhani niligombea kitu. Sikuwa na cha kupata.

Nabintu akachagua pingili yangu.

Sikulala kusema kweli. Asubuhi aliiweka mezani, akasimama na mikono nyuma kama mbele ya mchungaji.

"Etiketi inasema mamba," akaanza. "Minye naona hii ni ya mula-nyama. Angalia katikati, imebanwa sawa kiuno. Ya mamba haibanwi vile. Na hii sura ya mbele, pale inakutana na mwenzake, ya mamba ingekuwa na kitumbo ama kibakuli. Hii iko karibu flati. Na ukiibeba, uzito hauko sawa. Upande moja iko kama kitu kingine."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Uzito wa plasta! Aliusikia mkononi.

Profesa aliigeuza mkononi. Aliipenda hoja, niliona. Kisha akasema kwa upole:

"Madmwazeli, yote unasema ni ya akili. Lakini mla-nyama mkubwa hivi angekuwa na tundu la hewa pembeni. Nionyeshe tundu."

"Kushoto imekulwa, Profesa."

"Na kulia?"

"Kulia sioni."

Profesa akageuka. "Papa Kashindi, ni wewe uliisafisha. Kulikuwa na kitu hapa kulia?"

Kwa hiyo hamwezi kusema sikuulizwa. Niliulizwa mchana kweupe, kwa heshima, mbele ya watu wanne. Neno moja lilitosha. Nilimtazama Nabintu, na yeye alikuwa ananitazama kwa matumaini, kama mtu anayemtazama baba yake. Nikaona akirudi kutoka Lubumbashi na vitabu vyake. Nikaona Ijumaa, Papa Sadiki akicheka kwa furaha.

"Hapana, Profesa," nikasema. "Ni vile munaiona."

Profesa akaandika, "mamba, imethibitishwa". Akamwambia Nabintu ana kipaji, ajifunze kusubiri ushahidi, labda mara nyingine. Hakuchukua mtu. Hiyo mara nyingine haikuja, njia zikawa mbaya, kisha tukasikia Profesa amefariki.

Mchana ule tulikula pamoja kama kawaida, ugali na ndagala. Nabintu aliosha sahani, kwa zamu yake. Akanikuta nakausha mikono, akasema, bila kununa:

"Papa Kashindi, nilikuwa na hakika sana. Kumbe muntu anaweza kuwa na hakika ya bure."

Kuanzia siku ile akaanza kuniuliza. Mwanzoni mfupa mgumu tu. Baadaye kila mfupa. Analeta jino kwenye meza yangu, analiweka chini: "Papa, unaonaje?" Mtu aliyeniacha nyuma kwa hatua mia alikuwa amesimama kunisubiri, na mimi nilifurahi. Nilivaa miwani taratibu. Nilisema "hmm". Siku moja aliandika etiketi ya kucha, bapa, imepinda, "mla-nyama", na alikuwa sahihi kabisa. Nilipokaribia akaikata kwa mstari akaandika "mamba", kabla sijafungua mdomo. Niliiacha hivyo. Droo ya mamba ikajaa. Wageni wakasema makasha yetu yana mamba wengi ajabu.

Papa Sadiki alipofariki, Nabintu alilia kuliko mimi. Nilimwonea wivu hata machozi.

Nanyi vijana mkaanza kuja, kundi baada ya kundi. Kila kundi, somo la kwanza, Mama Nabintu alitoa pingili ile akaipitisha mkononi mwa kila mmoja. "Hii mufupa ilinifundisha adabu," alisema, na kueleza alivyojiamini na kuaibika. Niliwaona mkiandika kwenye daftari. Mlimpenda kwa sababu ya kosa lake. Nami nilikaa kwenye meza yangu ya dirishani nikiona wivu wa kosa ambalo hata halikuwa lake.

Sasa nifike kwenye mwezi wangu wa mwisho kazini, ambao wanne kati yenu mlikuwepo. Somo lilikuwa lile lile. Mmoja wenu, Asifiwe, akauliza:

"Mama, kwanza uliona nini mpaka ukasema ni mula-nyama?"

Akaeleza. Kiuno, sura ya mbele, uzito. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita na hakusahau hata kimoja, vyote vya kweli. Kisha akasema kile ambacho sikukijua.

"Lakini yote ilikuwa ya bure. Toka siku ile siandikake kitu Papa Kashindi hajaona. Na sasa Papa iko anatoka. Nimeandika barua kwa mukubwa. Nimeomba nirudi kwa samaki. Droo tutafunga na ufunguo, mupaka atapatikana muntu mwenye anajua."

Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayetaja ratiba. Mlikuwa mnaandika. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi, nikakiweka chini kikamwagika. Nilikuwa nimetaka miaka yote macho yale yasinizidi. Sasa niliyaona yanarudi kuosha chupa, kwa hiari yake, na hakuna aliyeyalazimisha ila mimi. Chumba kingefungwa, na ufunguo wenyewe ulikuwa chini ya plasta.

"Mama Nabintu," nikasema. "Haukukosea."

"Papa?"

"Haukukosea. Nipe hiyo mufupa."

Mliniona nikichota maji ya moto na kuyatia kwenye beseni. Nililaza pingili upande wa kulia ndani ya maji. Rangi ya chai ilitoka kwanza, maji yakawa kahawia hafifu. Nikasubiri, kisha nikaanza na sindano ya spoku, pembeni, taratibu. Plasta ilikuwa imekuwa ngumu kama kinyongo. Kipande cha kwanza kilitoka kama ganda la yai, na baada yake vikatoka vingine haraka. Nawaambia kama fundi, ukingo wa tundu ulikuwa safi, haujaumia. Nilikuwa nimeziba vizuri.

Mama Nabintu alisimama karibu. Alipoona uwazi wa mviringo mrefu aliniondoa mkono, akaitoa pingili kwenye maji, ikimdondokea kwenye sketi, akatia kidole chake kidogo kwenye tundu. Kikaingia mpaka ungio la pili. Akakiacha humo.

"Nani aliziba?"

"Minye. Nilikuwa mudogo wa kazi. Nilizani imetobolewa."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo. Asifiwe alikuwa ameinamisha kichwa, nadhani alitamani niseme leo.

"Mbele ya Profesa kuja."

"Mbele."

"Mbele."

Alitoa kidole. Alikuwa ameangalia chini, kwenye mfupa, sio kwangu. "Minye nilikuwa nakushukuru," akasema. "Kila mwaka, siku ya mavuno, mu kanisa. Nilisema asante Mungu juu ya Papa Kashindi, mwenye haniache nikose tena."

Nilimwambia naomba msamaha. Mliokuwepo mlisikia, nilisema mara mbili. Hakujibu ndiyo, hakujibu hapana, na mpaka leo ninapoandika haya hajajibu. Msimsukume. Akikutana nami sokoni ananisalimia vizuri, anauliza habari za mgongo wangu, na hapo basi.

Kwa hiyo mashauri yangu ya kazi ni machache. Msizibe kitu msichokijua. Mkilazimika kuziba, zibeni kwa gundi inayoyeyuka, na rangi tofauti ili kila mtu aone, mwandike kwenye daftari tarehe na jina lenu. Etiketi ya zamani isitupwe hata ikiwa ni ya aibu, ikae nyuma ya mpya. Ya pingili ile, yenye mwandiko wangu mzuri, naomba ibaki.

Nimalize siku ile. Alikausha pingili kwa kitambaa, akaiweka kwenye mchanga, tundu juu. Akaenda kwa mkubwa, tukamsikia akiomba barua yake irudishwe. Aliporudi alisogeza meza yangu, ile ya dirishani, akavuta droo ya kwanza ya mamba akaimwaga yote juu ya kitambaa. Lupe nzuri ilikuwa mfukoni mwangu, kama siku zote. Alinyoosha mkono bila kunitazama, nikampa. Akainua jino la kwanza kwenye mwanga, akaandika. La pili, akaandika. Ile kucha aliitambua kabla haijatoka vizuri kwenye pamba, akapiga mstari juu ya "mamba" na kwenda mbele.

Nilisimama nyuma ya bega lake na miwani yangu tayari. Alikuwa anakwenda haraka sana, nusu ya vile nisingeviona, na wivu ukanipanda tena palepale, mkavu, kama wa siku ya ndoo. Nilikuwa nasubiri aweke kimoja chini aseme, "Papa, unaonaje?" Alimaliza droo nzima hakuniuliza.